Alama za Vidole Zilitangulia Mafunzo

Nchini Marekani, dereva wa lori haruhusiwi kubeba shehena hatari, yaani petroli, gesi, tindikali, baruti na vitu vinginevyo vinavyoweza kuwaka, kulipuka au kudhuru watu, kwa kiasi kinacholazimu gari kuwekwa vibao vya tahadhari, mpaka leseni yake iongezewe idhini maalumu inayotambulishwa kwa herufi H. Masharti ya idhini hiyo yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa mfuatano wake unaonyesha ni hofu ipi iliyopewa uzito zaidi.

Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya PATRIOT, iliyoyakataza majimbo kutoa au kuhuisha idhini hiyo kabla serikali kuu haijamchunguza mwombaji. Katika uchunguzi huo, unaosimamiwa na mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, na kurudiwa angalau kila baada ya miaka 5, mwombaji hutoa alama za vidole, huthibitisha uraia au hadhi ya ukaazi inayokubalika, na kumbukumbu zake za jinai hupekuliwa. Aliyepatikana na hatia ya ugaidi, uhaini, ujasusi au mauaji ya kukusudia huzuiwa maisha, ilhali makosa kama unyang'anyi humzuia kwa miaka 7 tangu ahukumiwe, au miaka 5 tangu atoke gerezani.

Mtihani wa maandishi ulikuwapo tangu zamani, na mwajiri alikwisha kubebeshwa wajibu wa kumfunza dereva na kurudia mafunzo kila baada ya miaka 3. Lakini ni kuanzia 7 Februari 2022 tu ndipo anayeomba idhini kwa mara ya kwanza alipotakiwa kusomea nadharia kwa mkufunzi aliyesajiliwa kabla ya kuufanya mtihani huo. Miaka 20 ni mingi mno kwa jambo zito kiasi hiki.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua hilo kwa uchungu. Malori ya mafuta yalipinduka Sachang'wan, Kenya, tarehe 31 Januari 2009, na Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na katika kila ajali zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha pasipo gaidi yeyote kuhusika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali. Asiyefunzwa hilo hawezi kujua awasogeze watu hadi wapi.

Kanuni za Marekani zenyewe zimejaa maarifa ya namna hiyo: kutovuta sigara ndani ya futi 25 (kama mita 7.6) kutoka kwenye gari lililobeba shehena inayowaka, na kuweka hati za mzigo mahali ambapo dereva aliyefunga mkanda anazifikia, kisha kuziacha kwenye kiti chake au mfuko wa mlango anaposhuka, ili mzimamoto asome namba 1203 na kutambua kuwa ni petroli hata kama dereva hawezi kusema. Hata hivyo, mafunzo ya mwaka 2022 hayakuwekewa idadi ya chini ya saa, wala hayadai zoezi lolote la vitendo, bali yanaridhika na alama 80 kati ya 100 katika nadharia. Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa kwanza, huko na kokote kanuni hizi zitakakoigwa.