Kikumbo Halali, Rafu Palepale

Haya wadau, leo sina habari za bumu wala za foleni ya chakula. Leo nina ubishi wa jana usiku, na nisipouandika sitalala. Tulikaa kwenye kimbweta mpaka mlinzi akapita mara ya pili, tunagombana juu ya mchezo ambao barafu yake hatujawahi kuikanyaga hata mmoja wetu: hoki ya barafuni. Mwenzangu wa chumbani siku hizi ana ugonjwa wa kuangalia video za NHL, ile ligi ya Marekani na Kanada. Akatuonyesha vikumbo vikubwa vya miaka yote, sote tukapiga kelele, halafu akatoa hukumu: "Safi kabisa hivyo, refa hakupuliza."

Hapo ndo nilipokataa, na leo nakataa tena kwa maandishi.

Kwa ambao hawaujui mchezo wenyewe: ni watu sita kila upande, kipa akiwemo, viatu vina vyuma vya kutelezea, na badala ya mpira kuna kisahani kigumu cheusi wanachokiita paki. Watu wanateleza zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Sheria inaruhusu kumpiga kikumbo mwenye paki, kwa bega au kwa nyonga, ili aachane nayo. Kinachogombanisha watu ni kikumbo cha katikati ya uwanja, mbali na ukuta, ambapo huyu anakuja na yule anatoka kule, wanakutana uso kwa uso.

Sasa chukueni mfano maarufu kuliko yote. Tarehe 26 Mei 2000, mechi ya saba ya fainali ya kanda ya Mashariki, New Jersey Devils na Philadelphia Flyers. Eric Lindros wa Flyers, jitu la mita 1.93, ndo kwanza alikuwa amerudi uwanjani mechi moja kabla, baada ya kuumia ubongo. Akavuka mstari wa buluu na paki yake, macho chini. Scott Stevens, beki wa Devils, akamjia na bega, likatua tayani. Lindros akaanguka kama gunia. Refa kimya. Devils wakashinda 2-1, wakaenda kubeba Kombe la Stanley, na Stevens akapewa tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Lindros msimu mzima uliofuata hakucheza, akiwa na ubongo wa kuuguza na mgogoro na klabu yake juu.

Mwenzangu anasema kilikuwa halali. Nakubali! Kwa sheria za siku ile kilikuwa halali. Paki alikuwa nayo, na kilichompiga ni bega, siyo kiwiko. Lakini jamani, nani alituambia halali na safi ni neno moja?

Twende mbele kidogo. Tarehe 7 Machi 2010, Matt Cooke wa Pittsburgh Penguins alimpiga Marc Savard wa Boston Bruins kichwani, akimtokea ubavuni, Savard akiwa ameshaachia paki. Hakuna adhabu uwanjani. Hakufungiwa hata mechi moja, maana hapakuwa na kifungu cha kumbana. Mwezi huohuo ligi ikakurupuka kutunga kanuni, na kuanzia msimu wa 2010-11 ikaingia rasmi kitabuni kama Kanuni ya 48, ya vikumbo vya kichwani. Mwaka 2011 wakaipanua zaidi. Savard alijaribu kurudi, akacheza mechi yake ya mwisho Januari 2011, basi.

Sasa nauliza. Kile kikumbo kilikuwa safi mwanzoni mwa Machi, kikawa kichafu baada ya wiki chache? Ubongo wa Savard ulijuaje kwamba sheria ilikuwa bado haijaandikwa? Kilichobadilika ni karatasi tu. Rafu ilikuwa rafu tangu siku ya kwanza, wenye ligi ndo walichelewa kuiita kwa jina lake. Kwa hiyo anayeniambia "refa hakupuliza" ananieleza habari za refa. Habari za kikumbo bado hajanieleza.

Halafu kuna ile hoja inayonichefua kuliko zote, ya "angeinua kichwa." Eti mwenye kosa ni aliyelala chini, kwa sababu alikuwa anaangalia paki! Sasa angeangalia nini? Kuangalia paki ndo kazi yake pale. Mpigaji ndiye anayemwona mwenzake anakuja. Mpigaji ndiye anayechagua saa, upande na kimo. Ana nafasi ya kulenga kifua, ana nafasi hata ya kupunguza mwendo. Mwenye macho ndiye mwenye dhamana. Barabarani ukimgonga mtu aliyekuwa anatazama simu, bado trafiki atakuuliza wewe ulikuwa unatazama nini.

Na hoja hii ya kichwa juu ndiyo iliyotumika kuwatetea wanaotaka watoto waanze kupigana vikumbo mapema, eti wajifunze kujilinda. Mimi nasomea ualimu, hapa siwezi kupita kimya. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walilinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta, walioruhusiwa vikumbo, na wa Quebec, waliokatazwa. Wa Alberta walikuwa na hatari ya kuumia zaidi ya mara tatu. Mwaka 2013 Hockey Canada ikapiga marufuku vikumbo kwa umri huo nchi nzima. Somo la "utajifunza ukishapigwa" tunalijua vizuri hata huku kwetu, wengi wetu tumelipita darasani. Mtoto anajifunza kuogopa, na kumbukumbu anabaki nayo. Ukimuuliza hesabu bado hajui.

Lakini ngoja, msije mkaniweka kambi nisiyokuwamo. Kuna dada mmoja pale kimbwetani alisema vikumbo vyote vya katikati ya uwanja vifutwe. Hapana dada yangu. Ukivifuta, mwenye kasi atapita katikati kama anakwenda sokoni, na beki atabaki kumpungia mkono. Bega likitua kifuani, mwenye paki akiwa bado nayo, mtu akakaa chini na paki ikabaki kwa mwingine, huo ni mchezo mtamu na mimi napiga makofi. Ukubwa wa kishindo siyo kipimo cha uchafu. Kuna vikumbo vinavyotikisa uwanja mzima na ni safi kama maji ya kisima, na kuna vingine havisikiki hata kidogo lakini ni ushenzi mtupu.

Kipimo changu ni kimoja: kilitua wapi? Kama kichwani, ni rafu. Siyo "ni rafu kama kingeweza kuepukwa", maana hapo ndipo Kanuni ya 48 ya leo inapojificha. Inataka kichwa kiwe ndipo palipopigwa hasa, na tena iwe ingewezekana kukikwepa. Hicho kipande cha mwisho ni mlango wa nyuma, na "angeinua kichwa" anapitia humohumo. Refa akiutumia, wenzake aliyepigwa wanavua glavu na kumfuata mpigaji kwa ngumi. Sheria ikiacha pengo, ngumi zinaliziba.

Mtaniambia mchezo utakufa. Raga je? Januari 2017 World Rugby ilikaza kamba: ukimgusa mtu kichwani wakati wa kumkaba, hata kwa bahati mbaya, ilikuwa angalau penalti, na ukifanya kwa uzembe ilikuwa kadi. Mbona watu bado wanakabana kiume na viwanja vinajaa? Wakabaji wameambiwa washuke chini, wanashuka.

Stevens mwenyewe, bingwa wa vikumbo, alicheza mechi yake ya mwisho Januari 2004, na kilichomtoa ni matatizo ya ubongo wake. Mwaka 2007 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la hoki, na Lindros akamfuata mwaka 2016. Wote wawili mabingwa, wote wawili vichwa viliwalipisha.

Mwenzangu amesoma haya juu ya bega langu na amesema mimi sijui hoki. Sawa kaka, hoki sijui. Kichwa najua ni nini.

Nawasilisha.