Miaka ya Chaki Isifutwe

Mwalimu wa Kabare, hapa Kivu Kusini nchini Kongo, anapoomba kazi yake ya kwanza ya kompyuta, mara nyingi huanza kwa kufuta. Anafuta miaka ya chaki. Anafuta miezi aliyokaa chini ya mwavuli pale soko la Mudaka akiuza yuniti na kutoa pesa za M-Pesa na Airtel Money. Anabakiza cheti cha mafunzo ya miezi mitatu na orodha ya programu alizojifunza. CV inayobaki inafanana na ya kijana wa miaka 22 aliyemaliza informatiki juzi, tena ni dhaifu kuliko ile, kwa kuwa kijana ana diploma. Ninaliona hilo kuwa kosa, na lawama si yake peke yake. Waajiri na vituo vya mafunzo ndio waliomfundisha kuona aibu.

Wanaobadilisha kazi siku hizi si wachache. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, walimu wengi wamefundisha wakiwa kwenye orodha ya wale tunaowaita nouvelles unités, wakingoja mshahara wa Serikali. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na mashirika ya Bukavu yakapunguza watu. Mwezi uliofuata waasi wa M23 wakauteka uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha wakaushika mji wenyewe wa Bukavu tarehe 16 Februari. Benki zikafunga milango. Mtu mwenye miaka kumi ya kazi ameamka hana kazi. Je, aanzie sifuri?

Chukua fomu ya bei za soko, ya aina ile ambayo mashirika hujaza kwa simu kupitia programu ya Kobo. Kuitengeneza ni kazi halisi ya tekinolojia: unaandika maswali kwenye jedwali, unaweka kanuni za kuruka swali, unaweka mipaka ili namba ya ajabu ikataliwe. Fundi asiyewahi kuuza kitu ataandika “bei ya kilo moja ya maharage” na kuendelea mbele. Lakini mama muuzaji wa Mudaka anapima kwa kopo. Mihogo ameipanga mafungu, na fungu la asubuhi si fungu la jioni, maana jua likishuka na gari la kurudi likikaribia, anaongeza mhogo mmoja juu ili amalize mzigo. Bei haijabadilika, kilichobadilika ni kipimo. Fomu inayouliza bei tu itaripoti kwamba soko limetulia, na mtu aliye mbali ataamini. Aliyewahi kukaa nyuma ya meza ile ataweka swali la kipimo, swali la saa, na picha ya fungu lenyewe. Ujuzi huo haumo katika cheti chochote, na bila huo kanuni zote za fomu zinalinda namba isiyo na maana.

Hospitalini ni vivyo hivyo. Takwimu za afya za nchi yetu hupita katika DHIS2, mfumo uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mwaka 2024, mpox ilipoijaza wagonjwa hospitali ya Kavumu, kila namba ilitoka kwenye daftari la mtu fulani. Mgonjwa aliyeandikwa kituoni kisha akahamishiwa hospitali anaweza kuhesabiwa mara mbili, na muuguzi aliyewahi kuandika barua za uhamisho anajua pa kuitafuta nakala hiyo. Mfundishe muuguzi huyo kusafisha data na utapata mtu wa thamani kubwa. Kumfundisha mtaalamu wa data uuguzi ni safari ndefu zaidi.

Kenya kuna Su Kahumbu, mkulima, aliyeanzisha huduma ya iCow mwaka 2011. Wazo la kumkumbusha mfugaji kwa ujumbe wa simu siku za mzunguko wa ng’ombe wake lilitoka shambani. Uandishi wa programu ungeweza kufanywa na mwingine.

Wanaopinga wana hoja, nami siidharau. Mashine haijali ulikuwa nani jana. Asiyeweza kuandika kanuni ya kuruka swali hataokolewa na miaka 15 ya uuguzi, na masomo mengi mazuri yako kwa Kiingereza wakati sisi tumesoma kwa Kifaransa. Hapo hakuna njia ya mkato. Linalonihangaisha zaidi ni lingine: uzoefu unaweza kukuingiza ndani na kukuacha mlangoni. Nimeona wakusanyaji wa data wakizunguka vijiji mwaka hadi mwaka kwa malipo ya siku, kwa sababu wanajua lugha ya Mashi na njia za milimani, huku fomu ikitengenezwa na mtu ambaye hajafika huko. Ndiyo maana namwambia mwalimu asiandike tu kwamba alifundisha. Aandike kwamba alitunga maswali ya mtihani, akagundua swali lililoeleweka vibaya na darasa zima, akalirekebisha. Hiyo ni kazi ileile ya kutengeneza fomu. Kisha ajenge fomu moja, hata ya mahudhurio ya shule yake, aende nayo.

Waajiri wa Bukavu nao waondoe ule mstari wa “uzoefu wa miaka mitatu katika informatiki” wanapotafuta mtu wa kuanza. Waweke mezani fomu mbovu ya bei za maharage, watoe saa mbili na kompyuta yenye umeme, wawakalishe mwalimu na mhitimu kila mmoja peke yake. Fomu zao zisomwe kabla ya mtu yeyote kufungua CV, na katika wasomaji awemo mama mmoja anayeuza Mudaka.