Turufu Iliyolala Mkononi

Lipo lalamiko ambalo barazani halikosi wa kulirudia: kwamba karata za kompyuta, zile zichezwazo na mtu mmoja peke yake mbele ya kioo, zimeua bao, zimeua mazungumzo, na sasa zinaua ulimi. Atolewaye mfano wa maangamizi hayo aghalabu ni mtu wa mbali: mwalimu wa Ngara, karani wa Biharamulo, kijana wa bara aliyepata mashine kabla ya kupata lugha. Lalamiko hilo lina utamu wa kusemwa, walakini halina haki. Bao halikuuawa Ngara. Na ikiwa ulimi unanyamaza mbele ya kioo kile, wa kuulizwa kwanza si mchezaji, bali ni yule aliyekuwa na maneno ya karata tangu karne nyingi akayafungia kabatini.

Mchezo wenyewe si fumbo. Mwaka 1990 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilipotoa Windows 3.0, iliutia ndani yake. Aliyeiandika programu hiyo ni Wes Cherry, wakati huo kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi, na sura za karata zilichorwa na Susan Kare. Mchezo uliwazoesha watu kukamata kitu kwa kipanya, kukivuta na kukiachia. Tangu hapo ukasafiri na mashine popote zilipokwenda. Ukaingia hata katika miji ambayo waya wa gridi ya taifa ulikuwa haujaifikia. Ngara na Biharamulo zilikaa miaka mingi zikitegemea mitambo ya dizeli, na maporomoko ya Rusumo, ambayo leo yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi, yalikuwa yakipiga kelele bure. Mchezo huu haukungoja intaneti, wala haukungoja mwenzi. Palipo na mashine na saa moja ya umeme, upo.

Na utazamwe unavyochezwa. Karata 52 huchanganywa. 28 kati yake hupangwa safu saba: ya kwanza karata moja, ya pili mbili, hivyo hivyo hata ya saba, na karata ya juu ya kila safu hufunuliwa. Zilizobaki, 24, hukaa pembeni kuwa akiba. Nyekundu hulala juu ya nyeusi, na nyeusi juu ya nyekundu, kwa kushuka: tisa ya kopa juu ya kumi ya shupaza, nane ya pau juu ya tisa ya uru. Ree ikijitokeza hupandishwa mahali pake, na juu yake wenzake wa aina moja hufuatana, mbili, tatu, nne, hata kuwafikia wazungu wenye picha, na mfalme akawa wa mwisho. Safu ikibaki tupu, hapewi kukaa hapo ila mfalme. Aliyezikamilisha aina zote nne ameshinda; na ipo migawo ambayo hata bingwa wa mabingwa hawezi kuifungua, kwani imezaliwa imekwama.

Msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu ameyapita maelezo hayo bila ya kujikwaa. Hapana humo neno lililoundwa na kamati. Shupaza, kopa, uru na pau ni maneno yaliyotoka kwa Wareno, waliosema espadas, copas, ouros na paus; karata ni carta yao, na turufu ni trunfo yao. Wareno walipoipoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, karata hazikuondoka nao. Pwani ilimtoa mwenye karata ikabaki na karata, ikazipa matamshi yake, ikaziingiza katika kamusi zake. Neno turufu likatoka mchezoni likaingia katika siasa na magazeti, hata leo mtu asiyewahi kushika karata hujua maana ya kuwa na turufu mkononi. Hiyo ndiyo hazina iliyokuwapo siku mchezo wa Marekani ulipobisha hodi. Nani aliyefungua kabati?

Hapana. Waliokuwa na dhamana ya lugha walikuwa na shughuli nyingine. Miaka nenda miaka rudi walikuwa wakigombania jina la mashine: huyu tarakilishi, yule ngamizi, wa tatu kompyuta. Wino mwingi ulimwagika juu ya sanduku, na kilichomo ndani ya sanduku kikaachwa kisemwe na mwenye kukileta. Kazi njema haikukosekana: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazosema Kiswahili. Barua zikapata lugha, hesabu zikapata lugha. Mchezo haukukumbukwa, kana kwamba mtu hujifunza mashine kwa barua za kazi tu.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya karata za mezani na karata za kioo, na hapa ndipo walalamikaji wanapokosea. Neno la mchezo halirithiwi kwa kamusi. Hurithiwa kwa mdomo. Mtoto wa Unguja hakufundishwa darasani namua, mtaji, kutakata na kutakasia. Aliketi pembeni ya bao akasikia mshindi akitamba, aliyeshindwa akijitetea, na watazamaji wakichochea kwa mafumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao shairi kwa sababu bao lilikwisha kuwa usemi kabla ya kuwa shairi. Karata za mpweke hazina mpinzani wa kukebehiwa, hazina mtazamaji wa kuchochea, na kwa hiyo hazina turufu. Mchezo wa namna hii hauwezi kujipatia maneno wenyewe. Ama utapewa, ama utabaki na yale uliyokuja nayo.

Basi na uangaliwe unapoingia katika nyumba ya Ngara. Humo jikoni kuna Kihangaza au Kishubi, ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda. Nje kuna Kiswahili: cha shule, cha ofisi ya wilaya, cha mahakama, cha soko. Juu ya meza kuna kioo, na kioo kinasema Kiingereza. Mtoto anayeketi hapo hujua kwamba lugha ya mama ni ya mapenzi, lugha ya mashine ni ya starehe na ya dunia, na Kiswahili ni cha mtihani, cha fomu na cha kuitwa mbele ya hakimu. Huo ndio msiba wenyewe, si ule wa mtu kucheza peke yake. Lugha isiyochezewa huishia kuwa lugha ya amri, na lugha ya amri hutiiwa maadamu mwamrishaji yupo.

Wapo watakaosema kwamba karata ni upuuzi, na lugha takatifu ya mashairi haina haja ya kufuata upuuzi. Mjadala wa halali na karaha waachiwe wenye elimu yake. Hapa kinachoulizwa ni neno. Na wenye kuliona jambo hili dogo wakumbuke kwamba neno turufu nalo lilianzia mahali hapo hapo padogo.

Wapo watakaosema kwamba watu wa bara hawana hamu na maneno ya pwani. Huo ni usingizi wa kujipendekeza. Ngara na Biharamulo hazikai jangwani pa usemi. Ng'ambo ya mto Kagera wapo wachezao igisoro, na kaskazini Uganda wapo wachezao omweso, nazo zote mbili ni za mashimo 32 na kete 64, sawasawa na bao la Kiswahili. Ubao ule ule umezunguka kutoka bahari hadi maziwa makuu. Tena mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakaingia Ngara, pakawa hapana anasa ya kudharau lugha yoyote. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha hapo Radio Kwizera, iliyosema Kiswahili pamoja na Kirundi na Kinyarwanda. Neno lilipohitajika lilipatikana, na watu wakalipokea. Asiyepokea ni yule asiyepelekewa.

Na wapo watakaosema kwamba mambo haya hujitengeneza yenyewe, lugha ikiachwa itapata njia. Njia ya nani? Karne za Wareno zilikuwa na meza, watu wanne na kelele. Leo kuna kioo na mtu mmoja kimya, na mchezo umekwisha kuhamia hata katika simu ya mkononi. Lugha ikiachwa itapata njia, naam, lakini njia hiyo itakuwa ya Kiingereza, kwani ndicho kilichoandikwa juu ya kitufe.

Kazi iliyopo si kubwa. Waingereza huuita mchezo huu kwa neno la kwao lenye maana ya subira; Wamarekani wameuita kwa neno la upweke. Kiswahili hakikulazimishwa kuchukua la upweke. Na uitwe Subira, jina ambalo mwalimu wa Biharamulo atalielewa bila ya kamusi, na ambalo tayari lina methali yake, kwamba huvuta heri. BAKITA na BAKIZA, badala ya kungoja jina jingine la sanduku, ziyatoe kabatini shupaza, kopa, uru, pau na ree, ziyapeleke katika shule za Ngara kama zipelekavyo istilahi za fizikia. Vijana wa Unguja na Dar es Salaam waandikao programu waiandike Subira yenye maneno hayo. Aliyeiandika ya kwanza alikuwa kijana wa mafunzo, hakuwa taasisi wala wizara. Na washairi, ambao kila mwaka huomboleza kufa kwa bao, watunge shairi moja la mtu aliye peke yake usiku, jenereta ikiunguruma nje, anayemngojea mfalme wa shupaza. Siku shairi hilo litakaposomwa Ngara likaeleweka, ndipo pwani itakapokuwa na haki ya kulalamika juu ya mtu mwingine.

Mpaka hapo, lawama na irudi ilikotoka. Mwalimu wa Ngara amecheza karata alizopewa. Mwenye turufu ni pwani, nayo imelala nayo mkononi.