Mzazi aliye peke yake naye atembeze wanawe

Sikukuu zikikaribia, mama mwenye watoto wadogo ambaye mumewe yuko safarini, au hayupo kabisa, huambiwa atulie nyumbani mpaka wakue. Wanaomshauri hivyo wanamtakia mema, lakini wanaobeba mzigo wa ushauri huo ni watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi, inaweka chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na papo hapo inaweka haki ya kucheza na kupumzika. Haikusema haki hiyo isubiri wazazi wawe wawili. Kwa maoni yangu, kinachomshinda mzazi wa namna hii si wingi wa watoto. Ni huduma zetu, zilizopangwa kana kwamba kila anayetoka nyumbani ana mikono mitupu.

Tuchukue eneo la kale la Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya. Mtoto wa miaka minne hahitaji kuelewa zama za mawe ili ashangae nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ndefu kuliko nyumba yao. Ni mtoko wa asubuhi moja. Ziwa Ngosi, upande wa Mbeya, ni habari nyingine: njia ya msituni inapanda kwa ukali, mvua ikinyesha inateleza, na mwenye mtoto mgongoni hana mkono wa kumdaka anayejikwaa. Mzazi achague kwa kumpima mdogo kuliko wote. Hilo ni jukumu lake na halina mjadala. Lakini hata akichagua vizuri, mtihani unaanza kwenye gari. Konda anamwambia, "Mama, pakata watoto," basi mmoja anabaki kwenye mbeleko, wa pili pajani, wa tatu anasimama katikati ya magoti, na mfuko wenye nepi, masweta na chupa ya uji unasukumwa chini ya kiti. Akishuka, mmoja anataka kujisaidia. Choo ni chumba chembamba cha kuchuchumaa, sakafu imelowa, hakuna hata msumari wa kutundika mfuko. Amwache nani nje, na amwachie nani? Hapo ndipo safari nyingi za namna hii huharibika, kwa kukosa mita moja ya nafasi.

Wapo watakaosema aende na dada wa kazi au amwombe jirani. Dada wa kazi analipwa, na nauli yake ni fedha nyingine. Jirani naye ana wanawe na shamba lake. Wengine watasema malezi kwetu ni ya jamii nzima, na kweli mtaani mama huachia watoto kwa jirani bila wasiwasi. Ila stendi si mtaani. Pale kila mtu ni mgeni, na hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayemkabidhi mtoto kwa mpita njia. Na tusilifanye jambo hili la akina mama tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, baba ikampa 3; ukianza hivyo, usishangae baba akiogopa kutoka na wanawe bila mama yao, ilhali nafasi anayoihitaji chooni ni ileile.

Gharama isiwe kisingizio. Katika hifadhi za taifa, Kitulo na Ruaha zikiwemo, mtoto wa chini ya miaka mitano halipiwi kiingilio, maana yake kanuni ya kumfikiria mtoto mdogo imeshakubalika. Halmashauri za Mbeya na Iringa ziifuate katika ujenzi: kila stendi na kila kituo cha utalii kiwe na angalau choo kimoja kipana chenye maji, ndoano na mlango unaofungika mzazi akiwa ndani na watoto wake wote, na michoro isiyo na choo hicho irudishwe kwa mhandisi.