Lenzi ya mamba si ya kinyonga
Kutoka Buterere, Bujumbura, hadi Hifadhi ya Taifa ya Rusizi si mbali, na kijana akipata kamera tu anataka kupiga picha ya mamba, kwa kuwa habari za Gustave, yule mamba wa Burundi anayesemekana kula watu, amezisikia tangu utotoni. Namsihi aanze na lenzi ndefu, milimita 400 hivi: mamba huchomoka majini ghafla, na hakuna picha yenye thamani ya mguu wa mtu. Kichujio cha polaraizi kitampunguzia mng'ao wa maji. Kinyonga wa uani, huyo anataka lenzi ya makro, milimita 100, na flashi iliyofunikwa kitambaa cheupe; mpiga picha aelekeze fokasi kwenye jicho lake. Na akishampiga picha, jamani, asimuue kwa kumwogopa: kinyonga hana sumu.