Nani alisema mkimbizi huugua kipindupindu tu?

KASONGO – Kuna ugonjwa ambao kusini mwa Maniema mara nyingi unatibiwa kwa jina lisilo lake. Mtu anaona damu kwenye choo. Anaambiwa ni bawasiri, ile ambayo wengi huita emoroide, ama ni amiba. Anapewa vidonge, anarudi shambani. Damu inaendelea. Anakwenda kwa muganga wa kienyeji, anapewa mizizi ya kuchemsha. Mwaka unapita. Siku choo kinapofunga kabisa, ndipo familia inauza mbuzi na kumpandisha kwenye pikipiki kwenda hospitali. Hapo kansere ya mwisho wa utumbo mpana imekwisha kukua, na jambo lililobaki ni kumfungulia tundu tumboni ili apate kujisaidia.

Akifa, watu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Wengine wanamtafuta mchawi. Wakubwa wanasema kansere ni ugonjwa wa matajiri, haina dawa. Maneno hayo matatu yanafanya kazi moja: kumwondolea kila mtu lawama.

Ukweli ni mwingine. Kansere hii, ikikamatwa mapema na kupasuliwa vizuri, inapona kwa wagonjwa wengi. Hatari yake kubwa ni kurudi. Mtu anapasuliwa, anapata nafuu, anashukuru kanisani ao msikitini. Kisha, mara nyingi ndani ya miaka miwili ao mitatu ya kwanza, maumivu yanaanza tena kwenye kiuno na matakoni. Ugonjwa umerudi palepale.

Kwa nini unarudi? Si kwa sababu ya laana. Mwaka 1982 mpasuaji Bill Heald, wa mji wa Basingstoke huko Uingereza, alionyesha kwamba utumbo huo umezungukwa na mafuta, na ndani ya mafuta hayo mbegu za kansere hujificha. Mpasuaji akitoa utumbo na mafuta yake yote pamoja bila kuyachana, ugonjwa hurudi kwa wachache. Akikata haraka na kuacha mabaki, ameacha mbegu shambani. Na mwaka 1997 waganga wa Sweden walitangaza matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,100. Waliopasuliwa tu, ugonjwa ulirudi palepale kwa 27 katika kila 100. Waliopewa mionzi ya siku chache kabla ya kupasuliwa, ulirudi kwa 11. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai ni 58 kwa 100 upande wa mionzi, na 48 upande mwengine.

Na ukisha kurudi, je? Hata hapo mlango haujafungwa kwa wote. Katika hospitali kubwa zenye uzoefu, wagonjwa wanaochaguliwa vizuri wanapasuliwa tena. Ni kazi nzito ya saa nyingi: pengine kibofu kinaondolewa, pengine kizazi, pengine kipande cha mfupa wa mgongo wa chini. Inataka damu ya kutosha, skaneri, chumba cha wagonjwa mahututi na timu ya wapasuaji. Mpasuaji akifaulu kutoa kansere yote bila kuacha kitu kwenye kingo, mgonjwa kama mmoja kati ya watatu, na mahali pengine karibu nusu, wanakuwa hai baada ya miaka mitano. Asipofaulu kuitoa yote, faida inapungua sana. Na wale wasioweza kupasuliwa, walio wengi hawafikishi miaka miwili.

Hesabu hiyo inasema nini kwa mtu wa Kabambare? Inasema kwamba upasuaji wa pili haumfikii. Jimbo la Maniema halina mashine hata moja ya mionzi. Njia ya zamani ya kupeleka wagonjwa wakubwa upande wa Kivu imekatwa na vita: Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu Februari 2025, na viwanja vya ndege vya miji hiyo vikafungwa. Butaro nchini Rwanda, ambako kituo cha kansere kilifunguliwa mwaka 2012, na Ocean Road ya Dar es Salaam, ni majina ambayo mkulima wa Lusangi anayasikia redioni tu. Kwa hiyo vita ya mtu wa Kabambare inashindwa ao inashindikana mwanzoni, siku ile ya damu ya kwanza. Na siku hiyo haihitaji mashine ya mamilioni ya dola.

Inahitaji glavu moja na kidole cha muganga. Sehemu kubwa ya kansere za eneo hilo ziko mahali ambapo kidole kinaweza kufika na kugusa kivimbe kigumu. Kipimo hicho ni cha dakika moja. Kumpa mtu dawa ya bawasiri mara tatu bila kumpima kwa kidole si umaskini. Ni uzembe, na uzembe hauponywi kwa kungojea amani.

Wakubwa wana jibu lao. Wanasema: kuna surua, kuna kipindupindu, kuna malaria, kuna wanawake wanaokufa kwa uzazi, na kuna maelfu ya wahami. Ni kweli, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka mtoto akose chanjo ili mzee apate skaneri. Lakini hoja hiyo imegeuzwa kuwa pazia. Glavu haimnyang'anyi mtoto chanjo. Serkali ilipozindua mpango wa afya kwa wote Septemba 2023, ilianza na uzazi wa bure, na ilifanya vema. Sasa iseme wazi: mwenye kansere ataingia lini?

Mashirika ya misaada nayo yana deni la kujibu. Familia iliyokimbia mapigano Salamabila inapofika Kasongo, inaulizwa kuhusu watoto, maji, turubai na unga. Inafaa. Lakini nani alisema mkimbizi huugua kipindupindu tu? Mtu aliyepasuliwa mwaka jana anakimbia na tundu lake tumboni, bila mifuko ya kukingia choo, amefunga kitambaa na kipande cha plastiki. Anaogopa kukaa karibu na watu kwenye nyumba ya jamaa iliyomkaribisha. Karatasi zake za hospitali zimeungua pamoja na nyumba. Alipaswa kupimwa kila baada ya miezi michache, maana ugonjwa ukirudi na kuonekana mapema ndipo kuna cha kufanya. Sasa hakuna anayejua hata alipasuliwa nini.

Aibu ya jambo hili ni kubwa zaidi kwa sababu ni Kasongo. Katika miaka ya 1970, waganga Wakongo na Wabelgiji wa taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Antwerp walifanya hapa kazi iliyojulikana kama Mradi wa Kasongo. Walionyesha kwamba hospitali na vituo vidogo vya vijijini vinaweza kufanya kazi kama mwili mmoja: kituo kinapokea, kinaandika, kinatuma juu, na hospitali inarudisha habari chini. Fundisho hilo lilisomwa duniani, nalo ni mojawapo ya mizizi ya zoni za afya ambazo leo nchi hii inazo zaidi ya 500. Mji uliofundisha wengine namna ya kumfuatilia mgonjwa hauna haki ya kumpoteza wake kati ya Kabambare na Kasongo.

Yanayodaiwa si makubwa. Kwanza, wakuu wa zoni za afya za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Salamabila watoe agizo: damu kwenye choo inayozidi wiki tatu, hakuna dawa bila kidole. Pili, mgonjwa mwenye kivimbe asikatwekatwe na mtu asiye na uzoefu. Apewe karatasi ya kutumwa Kindu ao mbele zaidi, na nauli ichangiwe na mfuko wa jimbo. Tatu, kila aliyepasuliwa apewe daftari lake, nakala ibaki hospitali, na mashirika yaulize habari za wagonjwa hao wanapoandikisha wahami. Nne, mifuko ya tumbo iingie kwenye mizigo ya misaada.

Tano ni maumivu. Ambaye hawezi kupona bado ana haki ya kulala usingizi. Nchini Uganda, tangu shirika la Hospice Africa Uganda lilipoanza mwaka 1993, mofini ya kunywa inatengenezwa kutoka unga kwa bei ndogo, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Uganda si nchi tajiri. Mwaka 2016 mashine yake moja ya mionzi iliharibika, wagonjwa wakangoja hadi mapema 2018 ili mpya izinduliwe. Hata katika mwaka huo wa aibu, mofini ilikuwapo. Kusini mwa Maniema, mgonjwa wa namna hiyo akipewa parasetamoli, majirani wanamsikia usiku kucha.

Wabunge wa Kasongo na Kabambare watarudi kuomba kura. Waulizwe swali hili moja kwenye kila mkutano: mofini iko wapi?

Na raia nao wana sehemu yao. Wengi wanaficha damu hiyo kwa sababu mahali inapotoka panaonewa haya. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mwenye damu ya wiki tatu aende kituoni, na akipewa vidonge bila kupimwa, asitoke. Akatae kwa heshima, aombe kidole.