Kaliba Pekee Haitoshi: Aina ya Risasi Ipewe Uzito katika Uwindaji wa Wanyama Wakubwa

Na Mwandishi Wetu

Msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa kila mwezi Julai, wageni huingia nchini na bunduki zao kwa vibali maalumu. Maofisa huhakiki namba ya bunduki, kaliba, yaani kipenyo cha mtutu, na idadi ya risasi. Huo ni utaratibu wa usalama wa taifa, na hakuna sababu ya kuulegeza. Hata hivyo, lipo swali la kitaalamu ambalo halijapewa uzito unaostahili katika mjadala wa sekta hii: risasi hizo zimetengenezwaje, na kwa kutumia nini?

Huenda lugha yenyewe imechangia kulificha swali hilo. Neno "risasi" kwa Kiswahili hubeba maana tatu: kitu kizima kinachopakiwa kwenye bunduki pamoja na ganda na baruti yake, kichwa kinachotoka mtutuni, na madini mazito ya kijivu ambayo kwa karne kadhaa ndiyo yaliyotumika kutengenezea vichwa hivyo. Kwa kuwa hoja ya makala haya iko katika tofauti ya maana hizo, "kichwa" hapa kitakuwa kile kinachoruka, na madini yataitwa madini ya risasi.

Kwa tembo, nyati na kiboko, kiwango cha chini kinachokubalika nchini ni kaliba ya .375. Kaliba hiyo ilitolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, na kichwa chake cha kawaida kina uzito wa takribani gramu 19. Kikitoka mtutuni hubeba nishati ya zaidi ya jouli 5,500. Bunduki ya kivita aina ya AK-47, ambayo wengi nchini huiita SMG, hurusha kichwa cha gramu 8 hivi chenye nishati ya takribani jouli 2,000. Tofauti hiyo ifahamike na kila anayeshangaa kwa nini askari mwenye silaha ya kivita hamsogelei nyati aliyejeruhiwa aliyejificha kichakani karibu na shamba la mwanakijiji. Silaha hiyo ilibuniwa kwa shabaha ya kilo 70, ilhali nyati dume hufikia kilo 700 na zaidi.

Pamoja na hayo, historia ya ukanda wetu inaonyesha kuwa kaliba si jambo la mwisho. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda ya leo na maeneo jirani, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo leo isingeruhusiwa kumwindia nyati. Maangamizi ya aina hiyo hayastahili sifa, na hakuna mamlaka inayopaswa kushusha kiwango cha kaliba kwa kumfuata yeye. Linalofaa kuchukuliwa kwake ni la kiufundi tu. Alitumia vichwa virefu na vigumu visivyobadilika umbo, ambavyo vilipita mifupa vikiwa vimenyooka, na aliujua mwili wa tembo kwa undani. Wenzake waliobeba bunduki nzito zenye vichwa dhaifu walijeruhi wanyama wengi bila kuwaua.

Sababu iko katika maumbile ya mnyama. Fuvu la tembo ni kubwa, lakini sehemu yake ya mbele imejaa mfupa wenye vishimo kama sega la nyuki, na ubongo umekaa nyuma kabisa. Kichwa laini, yaani kile kinachofunguka kama uyoga kikigusa mwili, hupoteza nguvu katika mfupa huo kabla ya kufika kunakotakiwa. Kwa tembo, kwa hiyo, kichwa kigumu ni sharti.

Nyati ni suala gumu zaidi, na hapa ndipo wawindaji bingwa hutofautiana. Kichwa kigumu kinaweza kupenya upande mmoja, kikatokea wa pili na kumjeruhi nyati mwingine aliyesimama nyuma yake kundini, ambaye hakuwemo katika kibali cha mtu yeyote. Kichwa laini kilichotengenezwa vibaya, kwa upande wake, kinaweza kuvunjikavunjika kwenye mfupa wa bega na kumwacha mnyama akiwa hai mwenye maumivu na hasira. Desturi iliyozoeleka ni kutanguliza kichwa laini kilicho imara, kisha kufuatisha vigumu mnyama anapokimbia akiwa amewapa mgongo wawindaji. Desturi hiyo ina mantiki, lakini mafanikio yake yote yanategemea ubora wa kile kichwa cha kwanza.

Kichwa hicho kikishindwa kazi, gharama haiishii kwa mgeni aliyelipia uwindaji. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamtaka aliyemjeruhi mnyama kufanya kila linalowezekana kummaliza, na kutoa taarifa endapo mnyama hatari atamtoroka. Wanaoingia kichakani kufuata damu ni wasoma nyayo na askari, aghalabu vijana wa vijiji vinavyopakana na kitalu. Asipopatikana, anayekutana naye asubuhi ya pili huenda akawa mama anayekwenda kuteka maji. Kifuta machozi hutolewa baada ya msiba, hakiuzuii.

Upande wa pili wa suala hili ni madini yenyewe. Kichwa laini cha kawaida ni kiini cha madini ya risasi kilichovikwa ganda jembamba la shaba. Kinapogonga mfupa kwa kasi, kiini humeguka vipande vingi vidogo, baadhi visivyoonekana kwa macho, ambavyo picha za eksirei zimeonyesha husambaa katika nyama mbali na tundu la jeraha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoathirika zaidi katika ukuaji wa ubongo. Mwaka 2008, jimbo la North Dakota nchini Marekani liliagiza nyama ya kulungu ya kusaga iliyotolewa msaada kwa wahitaji itupwe baada ya vipande hivyo kugundulika ndani yake.

Kwetu jambo hili si la mbali. Nyama inayotokana na uwindaji huliwa kambini na katika vijiji jirani, na tangu kutolewa kwa kanuni za uuzaji wa nyamapori mwaka 2020, mabucha yenye leseni yameruhusiwa kuiuza kwa wananchi. Ukaguzi wa nyama hutafuta magonjwa. Kipande cha madini chenye ukubwa wa punje ya chumvi hakionekani kwa jicho la mkaguzi, hata awe mahiri kiasi gani.

Wapo pia tumbusi. Mwaka 2015, aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakiwemo tumbusi mgongo mweupe wanaoonekana katika hifadhi zetu nyingi. Nchini Botswana, watafiti waliopima damu ya ndege hao walikuta karibu theluthi moja wakiwa na madini ya risasi kupita kiwango cha kawaida, na hali ilikuwa mbaya zaidi wakati wa msimu wa uwindaji na ndani ya maeneo ya uwindaji. Ni kweli kwamba sumu inayotegwa kwenye mizoga huua tumbusi wengi kuliko kitu kingine chochote, na vita dhidi ya sumu ndiyo inayopaswa kutangulia. Lakini matumbo yanayoachwa porini baada ya mnyama kuchunwa yako chini ya usimamizi wa mwindaji mwenye leseni, na hilo linalifanya kuwa rahisi zaidi kurekebisha.

Mbadala upo. Vichwa vya shaba tupu vimekuwepo sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Barnes ya Marekani ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Hufunguka bila kumeguka, hubaki na karibu uzito wake wote, na hupenya kwa kina. Kwa maneno mengine, sifa anazozitafuta mwindaji wa nyati ndizo hizo hizo anazozitafuta daktari na mhifadhi wa ndege. Vichwa vigumu vya tembo vya kisasa navyo vingi hutengenezwa kwa shaba au mchanganyiko wake. Kwa hiyo kazi kubwa iliyobaki iko kwa wanyama wa kati kama pofu, nyumbu na swala, ambako kichwa cha bei nafuu bado hutumika kwa wingi.

Wanaosita wana hoja za kusikilizwa. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na baadhi ya mitutu ya zamani hushindwa kukituliza hewani. Bei yake pia ni ya juu. Kwa mtalii anayelipa maelfu ya dola kwa safari moja, tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa kisingizio. Kwa mwindaji mkazi, mwenye bunduki moja aliyoirithi, ni mzigo halisi, na utaratibu wowote wa mpito umpe muda wa kutosha.

Denmark ilipiga marufuku vichwa vyenye madini ya risasi kuanzia Aprili 2024, na California ilikamilisha katazo lake mwaka 2019. Uwindaji haukukoma katika sehemu zote mbili. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Uhifadhi wa Spishi zinazohamahama, ambao mkutano wake wa Quito mwaka 2014 ulihimiza kuondolewa kwa risasi za aina hiyo hatua kwa hatua. Mahali pa kuanzia panaweza kuwa pale pale uwanjani, kwenye fomu ya kibali: baada ya safu ya kaliba na idadi, iongezwe safu ya aina ya kichwa. Misimu miwili au mitatu ya kumbukumbu hizo itaipa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) msingi wa kujua ni vitalu vipi na wanyama gani waanze nao.